Kusasisha BIOS ya OptiPlex 3060 iliyotumika: faili sahihi, umeme na nenosiri la mmiliki wa zamani

Mwalimu_Moro

Habari za kazi, wakuu.

Mimi ni mwalimu wa sekondari mkoani Morogoro, na pamoja na kufundisha nimekabidhiwa chumba cha kompyuta cha shule. Tuna kompyuta za mezani aina ya Dell OptiPlex 3060 ambazo zilitumika kwanza maofisini huko Ulaya kabla ya kuletwa nchini, zenye prosesa ya Core i5-8500, RAM ya GB 8 na diski ya SSD. Kwa kuwa msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa za kizazi cha nane zinakubalika katika Windows 11, tumepanga kuzihamishia huko wakati wa likizo.

Nilipofungua msinfo32, programu ya Windows inayoonyesha taarifa za mashine, nikakuta BIOS, yaani programu ya kwanza inayoamsha mashine, ni ya mwaka 2018, na inaonekana haijawahi kuguswa tangu mashine zitoke kiwandani. Fundi aliyetuuzia alinishauri niiache kama ilivyo, akisema umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo ubao mama unakufa papo hapo. Fundi wa pili alinipa flashi yenye faili aliyoipata kwenye tovuti ya watu binafsi, akidai kwamba inafaa kwa ubao wowote wenye chipseti (chipu kuu zinazoratibu sehemu za ubao) ya aina hiyo. Sijaitumia.

Naomba kueleweshwa mambo haya. Je, ipo sababu ya kweli ya kusasisha, au naitafutia shule matatizo? Faili sahihi inapatikana wapi? Na nijikinge vipi na umeme, ambao hapa kwetu hukatika bila taarifa, hasa mchana? Zaidi ya hayo, baadhi ya mashine hizi zinadai nenosiri nikibonyeza F2 ili kuingia kwenye mipangilio ya BIOS, na hakuna anayelijua.

Fundi_wa_Bodi

Mwalimu, umefanya vyema kutoitumia ile flashi, na ninakusihi usiitumie kabisa. Kompyuta iliyouzwa nzima kutoka kiwandani haifuati utaratibu wa kompyuta ambayo mtu ameiunga mwenyewe kwa kununua ubao mama, prosesa na kasha kila kimoja kivyake. Aliyeiunga mwenyewe huchukua BIOS kwa mtengenezaji wa ubao. Wewe unaichukua kwa mtengenezaji wa kompyuta, kwa sababu programu dhibiti iliyomo kwenye chipu ya ubao wako iliandikwa kwa ajili ya modeli hiyo: ndiyo inayojua feni zake zinaendeshwaje na taa ya mbele imulike lini, na ndani ya chipu hiyohiyo kuna namba ya utambulisho ya mashine yenyewe. Bodi mbili zinaweza kuwa na chipseti moja na zisilingane katika hayo yote. Hata ukifungua kompyuta ya kampuni nyingine ukakuta ubao una nembo ya mtengenezaji maarufu wa bodi, usikimbilie tovuti yake, maana mara nyingi ubao huo ulitengenezwa kwa oda ya muuzaji wa kompyuta, na programu yake inatoka kwa huyo muuzaji.

Kwenye kasha la OptiPlex utaona kibandiko chenye maneno "Service Tag" na mchanganyiko wa herufi na tarakimu saba. Ingiza mchanganyiko huo kwenye ukurasa wa msaada wa Dell, kisha fungua sehemu ya BIOS. Soma maelezo ya toleo kabla ya kupakua, kwa sababu kuna modeli ambazo mtengenezaji hutaka upite kwanza kwenye toleo la kati ndipo uende kwenye jipya, na mashine yenye BIOS ya 2018 ina safari ndefu ya kufidia. Ukurasa huohuo huonyesha alama ya uhakiki ya SHA-256. Baada ya kupakua, fungua dirisha la amri, andika certutil -hashfile, kisha jina la faili, kisha SHA256, ulinganishe unachokiona na kilichoandikwa pale. Intaneti ikikatika katikati ya kupakua, hapo ndipo utakapogundua kwamba faili haikukamilika.

Kuhusu hofu ya kuweka faili isiyo yake, fahamu kwamba mashine za ofisi za miaka hii hukagua saini ya kidijitali ya mtengenezaji kabla ya kukubali kuandika chochote kwenye chipu. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa mwongozo kuhusu jambo hili mwaka 2011 katika waraka SP 800-147, na watengenezaji wakubwa wameufuata. Kwa hiyo faili ya modeli nyingine ikipitishwa kwa njia rasmi hukataliwa. Madhara huja pale mtu anapokwepa ukaguzi huo kwa kubana chipu kwa klipu na kuiandika moja kwa moja kwa kifaa cha nje, na ninashuku kwamba ndivyo faili ya fundi wako ilivyokusudiwa kutumika. Kwa njia hiyo unaweza pia kufuta namba ya utambulisho ya mashine usipotunza nakala ya kilichokuwamo.

Mlinzi_wa_Seva

Naongezea upande wa sababu, kwa kuwa Mwalimu ameuliza swali hilo kwa uzito na linastahili jibu lenye uzito.

BIOS ya mwaka 2018 ni ya kipindi kigumu kwa usalama wa prosesa. Januari 2018 zilitangazwa kasoro za Spectre na Meltdown, Agosti mwaka huo ikaja Foreshadow, na Mei 2019 ikafuata ZombieLoad. Marekebisho ya kasoro hizi yalihusisha pia maagizo madogo ya ndani ya prosesa, ambayo hupakiwa ama na BIOS mashine inapowaka ama na mfumo endeshi baadaye. Windows hubeba baadhi yake, lakini BIOS mpya huyapakia mapema zaidi, kabla mfumo haujaamka.

Jambo la pili ni la wakati huu. Mfumo wa Secure Boot, unaokagua kama programu zinazoanza mashine inapowaka ni halali, hutegemea vyeti ambavyo Microsoft ilivitoa mwaka 2011, na ukomo wa vyeti hivyo unaanza Juni 2026 na kuendelea hadi Oktoba mwaka huohuo. Vilivyochukua nafasi yake ni vya mwaka 2023. Mashine haitagoma kuwaka siku cheti kinapofika mwisho, ila isipokuwa na vyeti vipya haitaweza kupokea marekebisho mapya ya usalama ya hatua ile ya kwanza ya kuwaka. Windows yenyewe inaweza kuviingiza, na programu dhibiti ya zamani sana ndiyo inayoweza kukwamisha kazi hiyo. Kwa chumba kinachotumiwa na wanafunzi, ambao kila mmoja huja na flashi yake, mimi nisingependa kuanza maisha ya Windows 11 na mlango huo ukiwa wazi.

Kijana_wa_Nyali

Wakuu, kwa heshima zote naona tunamtisha Mwalimu. Mashine zinafanya kazi, zinawaka, zinachapisha. Mimi nahudumia ofisi kadhaa hapa Mombasa na msimamo wangu ni kwamba BIOS haiguswi isipokuwa kuna tatizo linalojulikana ambalo toleo jipya limeandikwa wazi kuwa linalitatua. Faida ya kusasisha haionekani kwa macho, ilhali hasara yake ni mashine nzima.

Fundi_wa_Bodi

Ndugu yangu, kanuni hiyo ilikuwa na mantiki miaka ambayo chipu ilikuwa moja, haina nakala, na sasisho linaletwa kwa diski ya flopi. Hata hivyo sehemu yake moja naikubali kabisa: mtu asisasishe kwa sababu tu namba ya toleo ni kubwa zaidi. Mwalimu hayuko huko. Yuko karibu kubadilisha mfumo endeshi, na sababu zake zimetajwa hapo juu kwa tarehe.

Hasara nayo si kubwa kama ilivyokuwa. OptiPlex za rika hii zina njia ya kujinasua: ikiwa BIOS imeharibika, unazima, unashikilia Ctrl na Esc kwa pamoja huku ukiwasha, na mashine hutafuta nakala ya kujirejesha kwenye diski ya ndani au kwenye flashi. Ndiyo maana napendekeza flashi yenye faili ya kurejesha iandaliwe kwenye kompyuta nyingine kabla kazi haijaanza, kwa kufuata maelekezo ya mtengenezaji kuhusu jina la faili. Sisemi kwamba itaokoa kila hali, lakini kauli kwamba ubao unakufa papo hapo haina ukweli tena kwa mashine hizi.

Sasa umeme, Mwalimu, kwa kuwa hapa ndipo hatari halisi ilipo. Kompyuta ya mkononi ina betri, na kwa kawaida programu ya kusasisha hukataa kuanza kama chaja haijachomekwa. Kompyuta ya mezani haina cha kukagua, itaanza tu, na kama umeme wa ukutani unayumba haina habari. Tafuta UPS, kile kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme unapokatika. Iliyo ndogo ya VA 650 inatosha mashine moja ya ofisi pamoja na skrini yake kwa dakika kadhaa, na kuandika chipu kwenyewe huchukua dakika chache tu. Ila UPS iliyokaa stoo mwaka mzima isiaminiwe mpaka ijaribiwe: chomeka kompyuta, iwashe, kisha zima swichi ya ukutani ukiwa unaangalia. Ikizimika sekunde ileile, betri yake imekufa na itakuangusha siku ya kazi. Kama shule ina sola yenye betri na inveta, hiyo ni bora zaidi. Jenereta peke yake siipendi kwa kazi hii, kwani ikizimika ghafla inakuacha palepale ambapo umeme wa kawaida ungekuacha.

Njia ninayoiamini kuliko zote haipiti ndani ya Windows. Flashi iumbizwe kwa FAT32, faili iliyopakuliwa iwekwe humo, kisha mashine iwashwe huku ukibonyeza F12 mpaka orodha itokee, na humo uchague "BIOS Flash Update". Hapo hakuna kizuiavirusi wala sasisho la Windows linalofanya kazi nyuma.

Na sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo mashine nyingi huharibiwa na mikono yenye haraka. Baada ya mstari wa maendeleo kufika mwisho, mashine hujizima na kujiwasha. Skrini inaweza kubaki nyeusi kwa dakika kadhaa, feni zikavuma kwa nguvu ambayo hujawahi kuisikia kwenye mashine hiyo, kisha ikajizima tena na kujiwasha tena. Mtu asiyejua huamini imekufa, akachomoa waya, na kwa kuchomoa huko ndipo anapoiua kweli. Ondoa mkono. Iache ijimalizie yenyewe. Ikipita nusu saa bila dalili yoyote, tazama kitufe cha kuwashia: taa ya rangi ya kaharabu inayopepesa kwa mpangilio maalumu ina maana yake, hivyo hesabu mapepeso na uyalinganishe na kitabu cha modeli hiyo kabla hujagusa kitu.

Mwalimu_Moro

Nawashukuru sana, wakuu. UPS ipo ofisi ya mhasibu, nitaiomba na kuijaribu kama ulivyoelekeza. Nimebaki na mambo mawili: lile nenosiri la F2, na ujumbe ulionitokea kwenye mashine moja ukinitaka nisimamishe BitLocker, ulinzi wa Windows unaosimba diski, kabla ya kuendelea. Sijawahi kuiwasha BitLocker.

Fundi_wa_Bodi

Nenosiri hilo liliwekwa na ofisi iliyokuwa na mashine mwanzo, na bila hilo sasisho linaweza kukataliwa. Kwenye ubao mama wa modeli hii kuna kijiunganishi kidogo kilichovikwa kifuniko cha plastiki, kimeandikwa PSWD kando yake. Zima mashine, chomoa waya wa umeme, gusa chuma cha kasha ili kuondoa umeme tuli mwilini, kisha vua kifuniko hicho na uwashe mashine. Ikishawaka, nenosiri litakuwa limefutwa. Zima tena, chomoa, urudishe kifuniko. Ukiwa umefungua kasha, badilisha na betri ya saa, ile CR2032 ya duara. Kwa mashine za umri huo mara nyingi imechoka, na bei yake haimshindi mtu.

BitLocker huwashwa wakati mwingine na aliyeweka Windows, au Windows yenyewe husimba diski akaunti ya Microsoft inapoingizwa. BIOS ikibadilika, chipu ya TPM, inayotunza ufunguo wa usimbaji huo, huona kwamba mashine si ileile na hukataa kutoa ufunguo, nawe unakutana na skrini ya buluu inayodai tarakimu 48. Fungua mipangilio ya BitLocker, hifadhi ufunguo wa kurejesha nje ya mashine hiyo, kisha chagua kusimamisha ulinzi. Si lazima uondoe usimbaji wote.

La mwisho ni dogo ila huwatoa watu jasho. Kabla ya kuanza, ingia F2 upige picha kwa simu kila ukurasa wa mipangilio, hasa "SATA Operation" (namna mashine inavyowasiliana na diski) na mpangilio wa kuwaka. Baada ya sasisho mipangilio inaweza kurudi ilivyokuwa kiwandani, ambako Dell huweka "RAID On". Kama Windows yako iliwekwa wakati mashine iko kwenye AHCI, chaguo jingine la mpangilio huo, itagoma kuwaka na kuandika INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE, na wengi hukimbilia kuweka Windows upya wakati dawa ni kurudisha neno moja kwenye mpangilio huo.

Mlinzi_wa_Seva

Kwa kuwa ni chumba kizima, Mwalimu, anza na mashine moja ambayo haina kazi ya mtu, iwekee BIOS mpya pamoja na Windows 11, na iache itumike wiki nzima kwa vipindi vya kawaida kabla ya kugusa nyingine. Zikifuata, andika kwenye daftari namba ya "Service Tag" ya kila moja, toleo la zamani, toleo jipya na tarehe, kwa sababu atakayekabidhiwa chumba baada yako hatakuwa na namna nyingine ya kujua ni ipi imeguswa na ipi bado.