Nanunua nyumba Segerea: wakili wa jirani, kampuni ya mjini au wakili aliyeletwa na dalali?

Tegeta_Kwetu
Habari za jioni wakuu. Nimepata nyumba Segerea, vyumba vitatu, ina fensi, maji ya Dawasa yanafika. Bei tumeshaelewana na muuzaji, naye anataka tumalizane kabla ya mwisho wa mwezi. Nimekwama kwenye wakili. Wako watatu.

Wa kwanza ana ofisi karibu na kituo cha daladala hapo hapo Segerea, majirani wanamfahamu. Amesema laki tatu, anaandaa mkataba na kugonga muhuri. Wa pili ni kampuni ya mawakili mjini, barabara ya Samora. Wanataka asilimia 2 ya bei, kazi yote mpaka hati isome jina langu. Wa tatu kaletwa na dalali, mimi simlipi chochote, analipwa na muuzaji.

Nimchukue yupi? Naomba majibu ya haraka.

Sindano_Jr
Mkuu, umeleta mada nusu. Nyumba ina hati, ofa, leseni ya makazi, au karatasi ya serikali ya mtaa tu? Bei ni kiasi gani? Unalipa taslimu au kuna mkopo wa benki? Anayeuza ndiye mwenye jina kwenye hati? Ana mke? Ukijibu hayo ndiyo tutajua unahitaji wakili wa namna gani.

MamaPendo
Samora. Usifikirie mara mbili. Nyumba unanunua mara moja maishani, halafu ubane hela kwa wakili?

Babu Chanika
Mimi namchagua wa jirani. Wakili wa mtaani anaijua Segerea. Anajua nyumba ipi ina kesi, familia ipi inagombana, kiwanja kipi kiliwahi kuuzwa watu wawili. Hao wa Samora wataona karatasi tu. Tena ukipata tatizo, ofisi unaijua, unakwenda kwa miguu.

Tegeta_Kwetu
Samahani wakuu, nilikuwa kazini. Bei ni milioni 95, nalipa taslimu. Hati ipo, nimeiona kwa macho yangu, nikapewa na kopi. Muuzaji ni kijana mstaarabu sana.

Sindano_Jr
Hujajibu. Jina lililo kwenye hati ni la huyo kijana?

Bint Lindi
Wakati tunasubiri jibu, wa tatu muondoe kabisa. Nitaeleza kwa nini, mnivumilie maana ni ndefu.

Nilinunua nyumba Kimara. Dalali akaja na wakili wake, mtu mzima, suti safi, ofisi ina vyeti ukutani. Akaniambia nisihangaike kutafuta mwingine, yeye atasimama kwa pande zote mbili, itakuwa rahisi. Mkataba ulikuwa kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza majina na bei, wa pili saini, picha ndogo za pasipoti na muhuri wa bluu. Hapakuwa na kifungu cha nani analipa kodi ya TRA, wala cha kurudishiwa fedha hati ikiwa na tatizo. Nikalipa zote siku ile ile, kwa sababu ndivyo mkataba ulivyosema.

Nilipokwenda kuanza kuhamisha umiliki ndipo yakatoka. Kwanza, kiwanja kwenye mkataba kiliandikwa Kitalu "C" wakati hati inasema Kitalu "G". Herufi moja hiyo, lakini mkataba wangu ulikuwa unauza kiwanja cha mtu mwingine. Pili, kwa Msajili wa Hati kulikuwa na zuio lililowekwa na mke wa yule muuzaji, kabla hata mimi sijaoneshwa nyumba. Mke hakuwahi kusaini popote. Upekuzi, yaani kuangalia kumbukumbu za hati kwa Msajili, haukufanyika, ingawa kwenye risiti ya wakili neno "upekuzi" lilikuwepo na nikalilipia.

Nikamrudia. Akanijibu, "Dada, mimi nilishuhudia saini tu." Ndugu yangu mmoja akamtafuta kwenye mfumo wa e-wakili wa Mahakama, akakuta cheti chake cha kufanya kazi mwaka ule hakijahuishwa. Kesi ikaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, yule mama akaleta cheti cha ndoa na watoto wake. Sikumlaumu hata kidogo, ile ni nyumba yake. Fedha nilirudishiwa kwa mafungu, na hadi leo hazijatimia zote.

Kwa hiyo mtu akikwambia wakili wa bure, jua analipwa na upande wa pili, na anafanya kazi ya upande wa pili.

MamaPendo
Pole sana mdogo wangu. Hawa mawakili vishoka wametuumiza wengi. Chama cha Wanasheria Tanganyika wanapiga kelele kila siku lakini bado wapo.

Wakili_Mikoani
Niseme wazi mimi ni wakili, ila siko Dar na sitafuti mteja hapa. Naona mnalinganisha ofisi, badala ya kulinganisha kazi. Laki tatu ya jirani ni ya kuandaa mkataba na kushuhudia saini. Asilimia 2 ya Samora ni ya mchakato mzima. Kwa milioni 95 hiyo ni milioni 1 na laki 9. Hivyo vitu viwili havifanani. Mleta mada arudi kwa yule jirani amuulize: ukinifanyia na upekuzi, idhini ya mwenzi, TRA, uthamini, kibali cha Kamishna wa Ardhi na usajili, utataka ngapi? Akikutajia milioni moja na anaonesha anaijua njia, huyo anaweza kuwa bora kuliko kampuni kubwa.

Na kule mjini uliza jambo moja: nani hasa atalibeba faili langu? Mara nyingi unaongea na mwenye kampuni, halafu faili anapewa kijana aliyeapishwa juzi. Kijana si mbaya, wengine wana bidii kuliko sisi, lakini ujue jina lake na namba yake ya simu.

Kuhakiki ni rahisi. Ingia e-wakili, andika jina, angalia kama anaruhusiwa kufanya kazi mwaka huu. Cheti kinahuishwa kila mwaka, kwa hiyo kilicho ukutani cha miaka iliyopita hakikuambii lolote.

Babu Chanika
Nakubaliana na wakili. Lakini msisahau serikali ya mtaa. Mwenyekiti lazima ajue, na ile asilimia kumi yake ilipwe, la sivyo utakaa pale kwa tabu.

Sindano_Jr
Babu, hapo hapana. Hakuna sheria inayompa mwenyekiti wa mtaa asilimia kumi ya mauzo. Viongozi wa serikali wamelikemea hilo mara nyingi sana. Mwenyekiti na mjumbe ni mashahidi wazuri wa kusema "huyu tunamfahamu, hapa anaishi", basi. Mkataba wa nyumba yenye hati si kazi yao.

Babu Chanika
Wewe unaongea sheria, mimi naongea maisha. Nimeona watu wamenunua kimya kimya, jirani akaja kudai njia inapita uani. Mwenyekiti ndiye aliyekuwa na kumbukumbu.

Sindano_Jr
Kumbukumbu sawa, nenda kamsikilize, mpe heshima yake. Lakini milioni 9 na nusu za mtu umpe kwa kumbukumbu? Mleta mada, ukiambiwa ulipe, omba risiti ya halmashauri yenye namba ya malipo ya serikali. Uone kama itatoka.

Mpimaji_Kibaha
Ninyi mnagombana, kiwanja chenyewe hakijaangaliwa. Wakili yeyote mtakayemchagua, awe wa Samora au wa kituoni, hatakwenda na kifaa kuangalia mawe ya mipaka. Chukua ramani ya upimaji, tafuta mpima aliyesajiliwa, mkahakiki bikoni. Nimewahi kukuta fensi imekula mita tatu za barabara. Hati ni halali, wakili ni halali, na ukuta unavunjwa. Halafu Segerea ni kubwa, kuna upande unashuka kwenye bonde. Nenda siku ya mvua.

Tegeta_Kwetu
Nashukuru sana. Bint Lindi pole, umenifungua macho, wa dalali nimemfuta. Kuhusu jina: hati inasoma jina la baba wa yule kijana. Mzee alifariki. Kijana ni msimamizi wa mirathi, ana barua ya mahakama ya mwanzo, nimeiona. Wako watoto wanne, mmoja yuko Muscat. Kijana anasema wenzake wote wameridhia.

Sindano_Jr
Yaani jambo hili ndilo ulilolificha tangu mwanzo! Hii si "nyumba ina hati", hii ni nyumba ya mirathi. Mada yote imebadilika.

Wakili_Mikoani
Imebadilika kweli. Sikiliza kwa makini.

Barua ya usimamizi, ile fomu namba 4, inampa kijana mamlaka ya kukusanya na kugawa mali ya marehemu. Haimfanyi kuwa mwenye nyumba. Kwanza jina lake kama msimamizi lisajiliwe kwenye hati kwa Msajili, ndipo yeye akuhamishie wewe. Anayekwambia mtaruka hatua hiyo mkimbie.

Pili, wakili wako aende mahakama iliyotoa ile barua, alione jalada lenyewe. Aangalie orodha ya warithi, kama mjane yupo hai, kama kuna pingamizi, kama usimamizi haujatenguliwa. Kopi unayooneshwa sebuleni haikutoshi. Kisha warithi wote wasaini ridhaa ya kuuza, na yule wa Muscat asaini mbele ya ubalozi wetu kule. Kisheria msimamizi anaweza kuuza bila saini zao, lakini kesi nyingi za nyumba za urithi huanza na mrithi anayesema hakushirikishwa. Saini ya leo inakuepusha na shauri la miaka, maana madai ya ardhi ukomo wake ni miaka 12.

Kwa hiyo sasa swali la kuwauliza wawili waliobaki ni hili: umewahi kumaliza uhamisho wa nyumba ya mirathi, kuanzia kwa msimamizi mpaka kwa mnunuzi? Atakayekueleza hatua bila kubabaika ndiye wako.

MamaPendo
Nimesema Samora tangu mwanzo.

Babu Chanika
Na mimi nasema jirani. Mirathi ya Segerea nani ataijua kuliko mtu wa Segerea? Atajua hata kama mzee alikuwa na nyumba ndogo yenye watoto.

Bint Lindi
Hapo babu ana hoja. Watoto wa nje ndio hujitokeza baada ya fedha kulipwa. Huyo kijana kasema wanne, nani amewahesabu?

Tegeta_Kwetu
Mjane yupo hai, anaishi kwenye hiyo nyumba.

Sindano_Jr
Mkuu jamani! Mama amekwambia kwa mdomo wake kwamba anataka kuhama?

Mhasibu_Tabata
Niongezee upande wa kodi, maana hapa ndipo wanunuzi wanapobebeshwa mzigo. Kodi ya ongezeko la mtaji, yaani ya faida ya kuuza, ni ya muuzaji, na bila cheti cha TRA Msajili hahamishi. Sasa kwenye mikataba mingi ya mtaani huandikwa "gharama zote za uhamisho ni za mnunuzi". Kifungu hicho kikipita, umechukua na kodi ya mwenzako. Kiandikwe wazi: kodi ya ongezeko ni ya muuzaji, ushuru wa stempu asilimia 1 ni wa mnunuzi. Ushuru huo una siku 30 tangu mkataba usainiwe. Kodi ya pango la ardhi iliyolimbikizwa nayo ilipwe na wao. Nyumba za marehemu mara nyingi zina deni hilo la miaka.

MamaPendo
Na fedha zipite wapi? Mimi nilipitisha kwenye akaunti ya wateja ya kampuni ya mawakili, wakazishika mpaka uhamisho ulipokamilika.

Sindano_Jr
Mimi siwezi kumpa wakili milioni 95 ashike. Lipa kwa mafungu, benki kwa benki, kwenye akaunti ya mirathi na si ya kijana binafsi. Bakiza asilimia 20 mpaka hati itoke na jina lako.

Wakili_Mikoani
Zote mbili zinafanyika. Muhimu malipo yafuate hatua: fungu dogo kwenye mkataba, kubwa baada ya msimamizi kusajiliwa na warithi kusaini, la mwisho hati ikitoka. Na hiyo "mwisho wa mwezi" isahau. Kazi hii haiishi kwa mwezi.

Tegeta_Kwetu
Kijana anasema kuna mnunuzi mwingine ana milioni 100 mkononi.

Mpimaji_Kibaha
Kila nyumba Dar ina huyo mnunuzi mwingine.

Babu Chanika
Tegeta, kama una milioni 95 njoo Chanika. Unapata kiwanja kilichopimwa, hati safi, unajenga nyumba unayoitaka na chenji inabaki.

Mhasibu_Tabata
Chanika mpaka Posta asubuhi unaondoka saa ngapi babu?

Babu Chanika
Saa kumi na moja, lakini nalala kwangu. Na wewe wa Tabata foleni hukai?

Bint Lindi
Tuache foleni kwanza. Tegeta, kesho nenda ukaongee na yule mama, nenda na mke wako, si na dalali. Halafu uje utuambie amesemaje kabla hujamlipa wakili yeyote.

Tegeta_Kwetu
Nitakwenda Jumamosi. Laki tatu za jirani nilikuwa nimeshaahidi kumpelekea Ijumaa, nimempigia kumwambia asubiri. Amenijibu vizuri tu, kasema nilete kopi ya hati na ile barua ya mahakama azisome kwanza, hataki hela. Samora nao wamenitumia fomu ya kujaza.

Babu Chanika
Unaona? Nilisema.

MamaPendo
Kusoma kopi bure kila mtu anaweza. Muulize mirathi amemaliza ngapi.