Naomba ushauri: kambi ya vijana Pugu, wawili wana selimundu

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Mwezi wa 6 shule zikifungwa tunatoka Dar na vijana 40, miaka 13 hadi 17, kwenda msitu wa Pugu kule Kisarawe, siku 3. Viongozi tuko 8, wanne wa kike. Kila kundi vijana 10, kiongozi mmoja mbele, mwingine nyuma, na mwenye mwendo wa taratibu ndiye anatangulia. Wenye mbio wakiongoza, wa nyuma hufika kituoni wenzao wanainuka, hawapumziki kabisa. Maji lita 3 kwa kila mtu.

Sasa fomu za wazazi zimeonyesha wawili wana selimundu (sickle cell, ugonjwa wa kurithi wa damu). Upungufu wa maji, uchovu na baridi huamsha maumivu, na kijana wa miaka 15 hasemi "nimechoka" mbele ya wenzake. Ruhusa ni ya daktari wao, hilo halina mjadala.

Mliowahi kuongoza, mnawapangia jukumu gani kilimani bila kuwatenga? Nimewaza wao ndio washike saa, wasimamishe kundi kila dakika 20, wote wanywe maji. Na ibada ya usiku kwenye moto wa kambi, sweta inatosha au niongeze blanketi?