Kombe la besiboli "Class AAA Champions 1941": ni la kweli?

Kabati_Ohio: Wakuu, kuna kombe mnadani. Kimo sentimeta 38, kitako cha mbao nyeusi, juu kuna mpigaji kainua gongo. Chini lina mhuri "silver plated", na bamba la mbele limechongwa "Class AAA Champions 1941", yaani mabingwa wa daraja la AAA. Masikio ya kombe yanaonyesha manjano, miguu ya sanamu ina unga mweupe, na sanamu yenyewe inacheza, imelegea. Nikague nini kabla ya kutaja bei? Nikilipata, nilisafishe vipi?

Lenzi10: Mwaka na daraja havipatani. Katika ligi ndogo za besiboli za Marekani, zile zilizo chini ya ligi kuu, AAA ilianza 1946; kuanzia 1912 hadi 1945 daraja lao la juu liliitwa AA. Kwa hesabu hiyohiyo, "Class D" ya 1965 ikatae, maana daraja hilo liliisha 1962.

Kombe lenyewe laweza kuwa la zamani. Mara nyingi kinachoghushiwa ni bamba. Tumia lenzi ya sonara ya mara 10: mchongo wa zamani una kingo zilizolainika kwa kusuguliwa na weusi ndani ya mifereji, wa leza una kingo kali na vidoti vinavyolingana. Ukiona matundu ya misumari yasiyo na kazi pembeni ya bamba, limebadilishwa. Bamba likitaja timu, ilinganishe na kurasa za ligi ndogo za Baseball-Reference, tovuti ya takwimu za besiboli. Na "silver plated" ni fedha ya kuchovya, usiilipie kwa uzito.

FundiZinki: Manjano ni shaba, mchovyo umeisha. Usiguse dawa ya kung'arishia yenye chengachenga, utamaliza uliobaki. Pamba laini, maji yaliyotiwa tone moja la sabuni isiyo kali, kausha hapohapo. Maji yasifike kwenye mbao wala kwenye sanamu.

Sanamu ni ya zinki; unga mweupe ni kutu ya zinki hiyo, unaletwa na unyevu. Uondoe kwa brashi kavu, barakoa usoni. Siki na ndimu marufuku: asidi inakula zinki yenyewe.

Sanamu kucheza si tatizo kubwa. Geuza kombe, ondoa kitambaa cha chini, utakuta nati kwenye bolti ndefu. Ikaze kwa vidole, kisha robo mzunguko tu kwa spana. Wanaokaza kwa nguvu huvunja vifundo vya miguu, na hapo usithubutu kuchomelea. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 419 za Selsiasi tu, sanamu itakuporomokea mkononi. Tumia gundi ya epoksi.

Kabati_Ohio: Shukrani wakuu. Na kulihifadhi?

FundiZinki: Unyevu wa hewa usizidi asilimia 50. Usilifunge kwa gazeti, sufu wala kitu cha mpira (raba): vina salfa, fedha itakuwa nyeusi. Karatasi isiyo na asidi inatosha.

Lenzi10: Nyongeza: huenda klabu ilibandika bamba hilo miaka ya baadaye kuchukua nafasi ya lililopotea. Muulize muuzaji picha ya zamani ya kombe. Bila picha, toa bei ya kombe lisilo na bamba.