Tupeane uzoefu: diski ya akiba kwenye RAID, ilikuokoa au ilikuangusha?

Mlinzi_wa_Raki (Dodoma)

Wakuu, habari za kazi. Mada za kuunda RAID (diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja, ili moja ikifa data ibaki) zimejaa, ila siku diski inapokufa kweli kila mtu anabaki peke yake na raki yake (kabati la seva). Naomba tukusanye visa hapa: diski ilipoharibika, spea (ile diski ya akiba) ilifanya nini, na nyie mlifuatisha nini.

Naanza. Nilikabidhiwa chumba cha seva cha taasisi moja. Seva kuu ilikuwa na RAID 5 (inayovumilia kifo cha diski moja tu) ya diski 5, na nyingine moja ya akiba kwenye sloti ya mwisho. Ukurasa wa kwanza wa programu ya kontrola (kifaa kinachosimamia RAID) ulikuwa kijani kitupu. Nikafungua mlango wa raki, nakuta sloti ya tatu taa ya chungwa inawaka. Kusoma logi, kumbe diski ile ilikufa miezi mingi nyuma, spea ikaingia yenyewe, kontrola ikajenga upya, hali ikarudi kijani. Tahadhari zote zilikuwa zinatumwa kwenye barua pepe ya mtu aliyeshahama kituo. Seva hiyo, yenye mishahara, inaendeshwa bila akiba na hakuna mwenye habari.

Kwangu hili ndilo kubwa kuliko yote. Kijani ile inazungumzia data, haizungumzii akiba. Kwa hiyo nikikagua nauliza mawili: RAID iko nzima? Na spea bado ni spea? Nikishamaliza natuma tahadhari ya majaribio, nahakikisha imefika kwenye simu ya mtu aliye zamu.

pwani_sysadmin (Mombasa)

Shukrani mkuu kwa kuileta. Changu ni cha kuchomoa diski.

Seva ilikuwa ya kuunganisha wenyewe, Linux na mdadm (programu ya Linux ya kusimamia RAID), trei 4 zenye namba za kalamu. `/proc/mdstat`, faili la hali ya RAID, ikaonyesha [UU_U]: U ni diski nzima, _ ni iliyokosekana. Mwenzangu akashika trei ya tatu tayari kuvuta, nikamwambia ngoja kaka. Ile nafasi ya tatu kwenye mabano si trei ya tatu, na jina kama sdc linaweza kubadilika seva ikiwashwa upya. Ukiwa kwenye RAID 5 na diski moja imeshakufa, ukivuta nzima umeangusha zote.

Kinachotambulisha diski ni siriali namba. Tatizo, iliyokufa haikujibu `smartctl -i` (amri ya kusoma utambulisho wa diski) hata kidogo. Tukachukua siriali za zile 3 zilizo hai, tukaziandika kwenye karatasi, tukazima seva, tukavuta trei moja moja kusoma lebo. Ile isiyokuwemo kwenye karatasi ndiyo marehemu. Ilikuwa trei ya nne!

Sasa kila trei ina stika yenye tarakimu 4 za mwisho za siriali, mbele kabisa, unasoma bila kugusa kitu. Kwenye seva za kampuni kubwa tumia amri ya kuwasha taa ya sloti, na usivute mpaka uione inamemeta.

dada_wa_storeji (Nairobi)

Mimi nataka kuwaonya wanaokimbilia `--fail`, amri ya mdadm ya kutangaza diski imekufa.

Tulikuwa na diski ambayo Current_Pending_Sector (hesabu ya sekta, yaani vipande vya diski, zinazoshindwa kusomeka) ilikuwa inapanda kila wiki. Bado inasoma, bado inaandika, ila dalili ziko wazi. Watu wengi hapo huitangaza imekufa ili spea iingie. Fikiria unachofanya: unatupa nakala ambayo sehemu kubwa bado ni nzima, halafu unazilazimisha zilizobaki zisomwe mwanzo hadi mwisho bila kukosea. Kama mojawapo ina sekta mbovu kwenye faili ambalo halijaguswa miaka, utaigundua wakati huo huo, ukiwa huna ulinzi. Diski nyingi za kawaida mtengenezaji anaziandikia kosa lisilozidi moja kwa biti 10^14 zinazosomwa, yaani kama TB 12.5. Hicho ni kikomo cha karatasi, nyingi hufanya vizuri zaidi, lakini ukiwa na diski kubwa nyingi kinakukosesha usingizi.

mdadm ina njia nzuri zaidi: `mdadm /dev/md0 --replace /dev/sdb1 --with /dev/sde1`. Spea inanakili kutoka kwa mgonjwa angali hai, na sekta asiyoweza kuisoma inachukuliwa kwa wenzake. RAID haipungukiwi hata dakika moja. Sisi tulifanya hivyo mchana watu wakiwa kazini, hakuna aliyepiga simu.

Na msizime ukaguzi wa mara kwa mara, ule wa kusoma diski zote kutafuta sekta mbovu. Debian huufanya Jumapili ya kwanza ya mwezi. Nimekuta watu wameuzima kwa sababu seva inakuwa nzito usiku huo. Jamani.

kijana_wa_data

Swali kwa mwanzisha mada: ukiweka diski mpya, spea inarudi kuwa spea?

Mlinzi_wa_Raki

Inategemea, mdogo wangu. Kontrola nyingi za RAID zina mpangilio wa kunakili kurudi kwenye sloti ya zamani, kama umewashwa. mdadm hairudishi: spea imeshakuwa mwanachama, mpya ndiyo inakuwa spea. ZFS (mfumo wa mafaili wenye RAID yake) ukiweka mpya kwa `zpool replace`, spea inajirudia mahali pake ikimaliza. Ukitaka spea ibaki kazini moja kwa moja, unaitoa ile mbovu kwa `zpool detach`.

Mzee_wa_Kebo (Mwanza)

Naongeza moja. Novemba 2019 HPE, watengenezaji wa seva, walitangaza kwamba baadhi ya SSD zao (diski za chipu) za SAS, aina ya muunganisho wa seva, zikiwa na fimuwea (programu ya ndani ya diski) ya zamani, zinakufa zikifikisha saa 32,768 za kuwashwa. Hiyo ni miaka 3, siku 270 na saa 8, na data hairudi. Machi 2020 likaja tangazo jingine, saa 40,000. Spea iliyokaa kwenye sloti inahesabu saa zile zile na wenzake, kwa hiyo zote zinaondoka pamoja. Ndiyo maana mimi naweka pia moja kabatini, ya kundi tofauti la kiwandani, niliyoipima kwa jaribio refu la SMART (diski kujipima yenyewe) kabla ya kuihifadhi. Kuagiza Dubai siku ya msiba ni kuchelewa. Na linganisheni idadi ya sekta: "4TB" mbili zinaweza kupishana kidogo, na iliyopungua inakataliwa.

pwani_sysadmin

Hizo mbovu mnazipeleka wapi?

dada_wa_storeji

Iliyokufa bado ina data ya watu, mkuu, na Kenya tuna sheria ya ulinzi wa data tangu 2019. Tunaandika siriali, sloti na tarehe kwenye daftari. Zile zenye mkataba wa msambazaji, tumenunua kipengele cha kubaki na diski mbovu, hatuzirudishi kwa msambazaji. Nyingine zinatobolewa kwa drili kwenye sahani (bamba la ndani lenye data) mbele ya mashahidi wawili wanaosaini. Kwa SSD toboa kila chipu ya kumbukumbu, tundu moja la katikati halitoshi.

Mzee_wa_Kebo

Tanzania nasi tuna sheria ya taarifa binafsi ya 2022. Dada, naomba weka hapa muundo wa hilo daftari lenu.