Naomba ushauri: nguvu za wahusika wangu nizitilie sayansi au niziache kama zilivyo?

Mwana_wa_Konde:
Assalaam alaykum jamani. Mie nnaandika hadithi ya kubuni ya kisayansi, nimefika katikati nimekwama. Iko Pemba, miaka mia mbili mbele, mna ukoo wa manahodha ambao bahari wanaijua bila chombo chochote, yaani mtu anakaa kwenye ngalawa kafumba macho anakwambia dhoruba inatokea wapi, mwamba uko wapi, hata mtu kazama wapi anakwambia. Sasa huku kwetu mtu akisoma hivo tu ashasema huyo ana shetani wake, na mie sitaki hadithi ya uganga, zimejaa. Kaka yangu yuko maabara, akanambia watie vijidudu kwenye damu, mtoto akizaliwa anatobolewa kidole wanahesabu, wakiwa wengi ndo nahodha huyo. Nikaona poa nikaandika. Mwenzangu mmoja alokuwa anaifuata hadithi toka mwanzo kufika hapo akanirudishia karatasi zangu, eti nishaiharibu, haya ndo yale yale ya zile filamu za Star Wars. Star Wars nimeangalia juu juu tu. Kwani kosa liko wapi?? Si sayansi hii au?

Pweza_Mkavu:
Waalaykum salaam. Mwenzio anajua 😂 ngoja nikupe mkasa. Filamu ya kwanza 1977 mzee Obi-Wan anamwelezea kijana Luke ile Nguvu kwamba inatokana na kila chenye uhai, imetuzunguka na inaushikilia ulimwengu wote, basi, kwisha maelezo. Watu wakaridhika miaka ishirini na zaidi. Ikaja 1999 The Phantom Menace, mwalimu Qui-Gon anachukua damu ya kitoto Anakin, inapimwa, jibu linarudi midikloriani, yaani vijidudu vyao, zaidi ya elfu 20, hata Yoda, mwalimu wao mkubwa, hafiki. Watu walikasirika mpaka leo hawajapoa. Na wengi wanasema walikasirika kwa sababu siri imefichuliwa, mie naona sio hilo. 1980 Yoda alimfundisha Luke kinamasini kule, mtoto anatoka jasho, anashindwa, anarudia tena, ukiangalia unajiona na wewe ukikazana unaweza. Ile damu ikaja kusema hapana bwana, kuna waliozaliwa nayo na kuna nyinyi wengine. Kwenye hadithi yako ni hivo hivo, ushamwambia msomaji wa Makunduchi kwamba yeye hata aende baharini miaka arobaini hawi kitu.

Mwana_wa_Konde:
Mmh. Lakini kwetu si ndo ilivyo? Uganga watu wanarithi, huyu kapata kwa bibi yake, yule kwa babu. Sijabuni hilo.

Pweza_Mkavu:
Wanarithi ndio, na wengine wanausomea kwa mwalimu wao, na hao wawili hawaelewani hata siku moja. Hapo pana hadithi yakhe, we unaikimbilia damu.

BiMkubwa_Bailojia:
Mimi nasomesha skuli, naomba niwatetee kidogo hao midikloriani maana wanaonewa. Kwanza Qui-Gon hakusema wao ndio Nguvu. Alisema ni viumbe wadogo wanaoishi ndani ya seli zote na ndio wanaotufanya tuyajue matakwa ya Nguvu. Nguvu yenyewe imebaki pale pale haijaelezwa, kilichoelezwa ni njia inayopitia tu. Pili wazo lenyewe limechota kwenye sayansi ya kweli kabisa. Sote tuna mitokondria kwenye seli zetu, vile vijisehemu vinavyotoa nishati, zina DNA yao wenyewe mbali na ile iliyoko kwenye kiini, na tunazirithi kwa mama. Lynn Margulis mwaka 1967 alichapisha hoja kwamba hizi zamani zilikuwa bakteria waliojitegemea, wakaingia ndani ya seli nyingine wakahamia moja kwa moja. Wanasayansi wengi walimpinga, baadae ushahidi ukaja, leo iko kwenye vitabu. Sasa mtu akisema ndani yetu mna mgeni anayetuunganisha na kitu kikubwa, mimi kwa kweli napenda.
Kasoro ya ile filamu ni kuwa wamelileta wazo halafu wakaliacha. Damu imepimwa, hapana aliyeuliza je ukimwongezea mtu, je ukimwibia? Filamu ya 2005 ndo ikagusa kidogo, Palpatine, yule mtawala mwovu, anamhadithia Anakin kuhusu bwana mmoja Plagueis aliyeweza kuwaendesha hao midikloriani mpaka waumbe uhai, na kumzuia mtu asife. Pale nilikaa sawa kwenye kiti. Kwa hiyo mwanangu ukitia sayansi usiitie kama muhuri wa serikali, itie ifanye kazi.

kibuyu77:
Na Popobawa mumpime damu basi 😂😂😂

Mwana_wa_Konde:
Kibuyu tuache bwana 😂. Bi Mkubwa ahsante sana, sikuwahi kufikiri hivo. Na je nikiwaondoa vijidudu nikaweka kitu cha kula? Nilifikiria karafuu, aina mpya imeota Pemba peke yake, ukiitafuna unaiona bahari.

Pweza_Mkavu:
Hiyo ni Dune mchana kweupe! Kitabu cha 1965, kuna kiungo kinatoka sayari moja tu ya jangwa, ukila unaona yajayo na marubani hawasafiri bila hicho. Wallahi mie nilivyosoma niliona ni karafuu zetu tu hizi, mwenye viungo ndo anayegombaniwa na wakubwa wote. Ila angalia kilichoifanya ikubalike: ukianza kula huachi, ukiacha unakufa, na kinatokana na minyoo wakubwa wa mchangani kwa hiyo ukiiharibu jangwa umekosa kiungo. Nguvu ina bei na ina mahali inapotoka. Karafuu ukiweka utaambiwa umenakili, weka kitu chengine.

Mvuvi_Mstaafu:
Wanangu nyie mmesoma, mie nimevua. Nataka kusema moja. Wazee wetu walikuwa na neno, kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Watu wamelima na kusafiri kwa neno hilo karne na karne, hapana aliyejua dunia inalizunguka jua vipi mpaka zile nyota za kilimia zikapotea na kurudi. Kaskazi na kusi vile vile, jahazi zinakwenda na kurudi Arabuni kwa miezi yake. Hatukuwa tunajua sababu, tulikuwa tunajua kanuni, na ukiivunja kanuni unazama. Huyo nahodha wako mie sitaki kujua ana nini kwenye damu, nataka kujua lini HAWEZI. Akiwa na homa anaweza? Usiku? Akivuka kwenda Tanga bado anasikia?

Mwana_wa_Konde:
Babu hapo umenimaliza. Sikuwa na jibu hata moja, manahodha wangu wanaweza kila siku 🙈

BiMkubwa_Bailojia:
Shikamoo mzee, umesema lililo kubwa. Basi mwanangu nakupa kitu chenye "hawezi" ndani yake. Kuna bakteria wa matopeni, Richard Blakemore aliwaandikia 1975, wana vipande vidogo vya chuma cha sumaku mwilini, wanaogelea kufuata sumaku ya dunia. Na kasa wanaotaga kisiwa cha Misali hapo, jamii yao wanajulikana kwa kuisikia sumaku hiyo na kurudi pande walizozaliwa. Mpe nahodha wako hisia hiyo, na iwe wote tunayo kidogo, ila inataka kufundishwa toka utotoni, hapo Pweza ataridhika. Halafu jua linaripuka. 1859 ilipiga dhoruba ya jua mpaka nyaya za telegrafu, zile simu za maandishi za zamani, zikatoa cheche. Ikipiga tena kwenye hadithi yako, manahodha wote wanapotea usiku mmoja, na vyombo viko baharini.

Mwana_wa_Konde:
ALLAHU AKBAR. Nimesisimka. Lakini Bi Mkubwa, yule aliyezama je? Sumaku itamjuaje mtu?

BiMkubwa_Bailojia:
Haimjui. Na usitafute ujanja wa kuifanya imjue. Liache hilo, na wahusika wenyewe wajue kwamba sumaku haielezi, wagombane juu yake. Wenye vipimo waseme bahati, wazee waseme lao.

Mwana_wa_Konde:
Basi kidole nakifuta leo leo. Sasa kaka yangu ntamwambia nini, wazo lilikuwa lake 😂

Pweza_Mkavu:
Usikifute. Mtie kakaako awe daktari alotumwa kutoka mjini kuja kupima damu za watoto wote wa Pemba, anatoboa vidole mwaka mzima na hapati kitu.