Maji ya moto na sakafu ya joto Molo: pampu ya ardhini na sola, au boila ya kuni?

MgeniMolo: Habari zenu. Najenga nyumba ya wageni hapa Molo, vyumba 12. Nimeshauriwa niweke pampu ya joto ya ardhini, niiunganishe na sola. Mzee wangu anasema boila ya kuni inatosha. Mnaonaje?

FundiBomba_Nax: Pampu hiyo ni friji iliyogeuzwa: inavuta joto kutoka udongoni, kwa mabomba yanayochimbiwa chini, na kulileta ndani. Uniti moja ya stima hukupa tatu hadi nne za joto, mradi maji yasipite nyuzi 35 hadi 45. Sakafu haihitaji zaidi. Shida ni maji ya kuoga. Tangi lifike 60 ili bakteria wa lejonela wafe, na ukiilazimisha pampu kufika huko, inakula tokeni. Sola ipashe maji ya kuoga, pampu ibaki na sakafu.

WaNjoro: Na Julai, mawingu yakikaa wiki nzima?

FundiBomba_Nax: Ndiyo maana kuni usizifukuze. Nunua pampu ya kutosha siku za kawaida tu. Ile kubwa inakaa bure karibu mwaka mzima.

MamaHosteli: Mbona mnamchimbisha mwenzenu? Sweden wanachimba kwa sababu hewa yao hushuka mbali chini ya sifuri, udongo ukabaki na joto. Molo ni baridi, sikatai, lakini si hiyo. Pampu ya kuvuta joto hewani inatosha, pesa za kuchimba nunua sola.

FundiBomba_Nax: Hapo Mama umenishinda.

WaNjoro: Lakini Menengai, ile volkano ya Nakuru yenye mvuke, si karibu? GDC, kampuni ya serikali ya mvuke wa ardhini, wameonyesha joto la pale likipasha kivungulio (greenhouse) na maziwa ya kunywa. Oserian, shamba la maua kule Naivasha, wamepasha maua yao.

MamaHosteli: Hao wako juu ya visima vya mvuke vyenyewe, hawahitaji hata pampu ya joto. Umvutie bomba mpaka Molo? Labda akiuza shamba.

MgeniMolo: Haya, hewa na sola, na kuni za akiba. Stima ikipotea je?

FundiBomba_Nax: Sakafu ya zege hushika joto saa kadhaa. Boila iweke chini ya tangi, mabomba manene, maji ya moto yapande yenyewe, na tangi liwe na bomba la kupumulia. Mzee wako atafurahi.