Ushauri: Msimamizi kanirudishia sura nzima ya Mbembe na Foucault, nifanyeje?

Mwana_Ilala: Wakuu, habari za jioni. Nipo mwaka wa pili wa masta. Tasnifu yangu inahusu jinsi Achille Mbembe, yule Mkameruni aliyeko Johannesburg, alivyomsoma upya mwanafalsafa Mfaransa Michel Foucault kwenye makala yake ya 2003 kuhusu siasa za kifo, yaani mamlaka ya kuamua nani aishi na nani afe. Hoja yangu: Foucault alieleza dola ya Ulaya inavyosimamia uhai wa raia, akasahau koloni. Msimamizi kairudisha, kaandika neno moja tu pembeni: "Ukurasa?" Silali. Nibadili mada au nibadili msimamizi?

Kahawa_Chungu: Badili msimamizi. Wangu alikaa na sura yangu miezi saba, nikaja kuikuta kwa muuza karanga, ukurasa wa 12 umeshakuwa kifuko.

Ustadhi_Tanga: Ada hiyo ungenunua bodaboda. Mfaransa na Mkameruni watakulisha?

Fundi_Saa: Msimamizi anataka ukurasa ambao Foucault anasahau. Umesoma kitabu chake kipi?

Mwana_Ilala: Nimesoma vingi vinavyomhusu.

Fundi_Saa: Sijauliza vinavyomhusu.

Mwana_Ilala: Sawa mkuu. Foucault mwenyewe sijamfungua. Makala ya Mbembe ina kurasa 30, nimeirudia mara nne. Yeye keshamsoma, mimi nirudie kazi ya mtu ya nini? Halafu kichwa "Foucault Alisahau Koloni" nilishakituma kwenye kongamano, wamekipokea. Siwezi kurudi nyuma.

Kahawa_Chungu: 😂😂 Kadesa falsafa!

Fundi_Saa: Hakusahau, dogo. Somo lake la 17 Machi 1976 pale Collège de France, chuo cha Paris alikofundisha, anasema wazi kwamba ubaguzi wa rangi ulikua kwanza na ukoloni, na mauaji ya kikoloni. Ila anagusa tu, anapita, anakwenda kwa Wanazi. Mbembe analijua hilo. Masomo yale yalichapwa Paris 1997 na yamo kwenye tanbihi za Mbembe. Anachouliza ni kama dhana ya Foucault, ya dola inayowafanya watu waishi na kuwaacha wafe, inatosha kueleza mahali ambapo kuua ndiyo kazi yenyewe: shamba la watumwa, koloni, Palestina. Alichopitia Foucault njiani, Mbembe anapiga kambi hapo. Andika hivyo, ukurasa utauona.

Binti_Ruvuma: Mmenikumbusha Songea. Kila 27 Februari tunawakumbuka walionyongwa 1906, vita vya Majimaji. Bibi yangu alikuwa anasema wa kitanzi wana majina, wa njaa hawana. Wajerumani walichoma mashamba na maghala ya chakula, njaa ikamaliza watu kuliko risasi. Sasa hiyo ni kuua au ni kuacha wafe? Mdogo wangu, iweke hiyo kwenye tasnifu.

Mwana_Ilala: Dada, mada ilishapitishwa, haina Songea.

Ustadhi_Tanga: Binti Ruvuma kasema kweli. Bodaboda pia nimesema kweli.

Mpekuzi: Chai hii, leteni vitafunwa. Nimefukua nyuzi zake. Mwaka jana alikuwa anaomba ushauri wa kuku 200 wa mayai Kibaha. Leo Foucault! Kesho atakuja rubani.

Mwana_Ilala: Mpekuzi, mtu hawezi kufuga na kusoma? Wale kuku walikufa kwa kideri, wote. Ndiyo ilikuwa ada yangu.

Kahawa_Chungu: Pole mkuu. Uliwachanja, au uliwaacha wafe?

Binti_Ruvuma: Jamani 😂

Mpekuzi: Mimi bado siamini. Atupie picha ya hiyo "Ukurasa?"

Mwana_Ilala: Nimetupia hapo juu, wino wa kijani. Fundi Saa, hilo somo la 17 Machi ni refu? Kongamano ni Alhamisi.